Pweza wa Mama, Ngisi wa Baba

Sisi tuliokulia Kengeja, kusini ya Pemba, saa tulijifunza kwa maji, hatukujifunza kwa ukuta. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, likifika miguu inawasha, na mpaka leo mimi niko hivyo. Nakaa Jadida, hapa Wete, bahari siioni hata nikipanda juu ya kiti, lakini mwezi ukiandama tu mimi sikaliki. Nitafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nitahamisha ndoo kutoka huku kwenda kule, nitafungua friji nifunge bila kutoa kitu. Mjukuu wangu Raya, aliyejilaza na simu yake kifuani, huniambia, "Bibi, kaa basi, unanitia kizunguzungu." Namwambia maji yanakupwa. Anaitazama simu, anasema, "Kweli, saa nne na dakika kumi yatakuwa makavu." Simu inajua, mwenyewe ukimuuliza bahari iko upande gani wa nyumba ananyoosha kidole kwenye choo.

Enzi zetu bahati mbaya ilikuwa moja: maji ya bamvua hukauka asubuhi, saa za skuli. Mwalimu akiita majina, nusu ya darasa iko mwambani. Sisi tuliobaki tulikaa kwenye madawati roho zimeshatoka dirishani. Ukisikia wanawake wanapita njiani, kanga zimefungwa kibwebwe, pakacha mkononi, wanachekana, hata jedwali la saba huliweki kichwani. Kengele ikigongwa tulikuwa hatuendi nyumbani, tunakwenda pwani moja kwa moja, viatu mkononi kwa wale wenye viatu. Tukicheza mdako kwa simbi, tukivunja kombe na kula mbichi, tukirudi nyuso zimepauka chumvi na matumbo yanauma. Siku hizi mtoto akigusa maji ya chumvi mama yake anamfuata na sabuni.

Lakini pwani ile ya mchezo ilikuwa ya pembeni. Pwani ya kazi ilikuwa kule mbele kwenye mwamba, na kule alikuwa mama yangu, Bi Saada. Mama alikuwa na jicho la pweza. Wenzake walitembea wakitazama kila tundu, yeye alisimama, akazungusha kichwa pole pole, halafu akaenda moja kwa moja kwenye jiwe ambalo kwangu mimi lilikuwa jiwe tu. "Tazama mlangoni kwake," akinambia. Kweli, pale mbele ya tundu pana maganda ya kaa na kombe yamekusanywa vizuri. Pweza akila husafisha nyumba akatupa taka nje, kwa hivyo usafi wake ndio unaomtia matatani. Mama alipenyeza mchokoo, ile fimbo yake nyembamba yenye ncha ya chuma, akautikisa kidogo, akangoja. Pweza akiukamata, anaukamata kwa mikono yote. Hapo mama anavuta, anamtoa, anampindua kichwa kama mtu anayepindua foronya, kwisha.

Mara ya kwanza aliponipa nimshike nilipiga ukelele ukasikika mpaka kwa ami yangu, kwa kina Mize. Yale matundu ya mikononi mwake yalininyonya mkono mzima, nikaamini ananila. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji. "Mnyonye na weye," akasema. Baadaye nilizoea, nikawa mimi ndiye nampiga kwenye jiwe mpaka alainike, narudia narudia mpaka povu linatoka. Mikono yangu ilikuwa na nguvu kuliko ya wavulana wa darasani, waulize.

Nakwenda mbio. Nilitaka kusema jambo jengine kabla ya yote haya.

Mwaka huu Raya alinipeleka kwenye harusi ya rafiki yake, chakula kimepangwa kwenye meza ndefu, kila mtu anajipakulia. Nikakuta vipete vya ngisi vimekaangwa kwa unga. Nikamuuliza msichana anayehudumia, hiki ngisi? Raya akanivuta kanga. "Bibi, hapa inaitwa sifudi. Samaki, pweza, ngisi, kamba, kaa, vyote sifudi." Neno moja tu! Nilishika sahani nikashindwa kula. Sisi nyumbani tuligombana, tukalia, mtu akanuna miaka, kwa sababu ya kupambanua hiki ni kipi na kile ni kipi, leo wenzetu wamevitia vyote bakuli moja na ndimu juu.

Maana kwetu Kengeja pweza hakuwa samaki. Hilo halikuwa na mjadala. Samaki ni yule mwenye miba, akapaliwa magamba, au kama papa na taa wasio na magamba basi wana mapezi na wamevuliwa kwenye maji mengi. Chaza, kombe na kaa vilikuwa vitu vya pwani, mtu anaviokota. Na pweza naye, pamoja na kwamba ana macho na akili kuliko baadhi ya watu, alitiwa humo humo kwenye vitu vya pwani. Mwanamke akitoka na mchokoo ukamuuliza anakwenda wapi, hakusema anakwenda kuvua. Alisema, "Naenda pwani." Kuvua ni kwa wanaume, kuna chombo, kuna mshipi, kuna dema la kutega. Mwanamke anakwenda pwani, basi, kama anavyokwenda kisimani.

Baba alikuwa mvuvi wa dema na mshipi. Akirudi na changu wawili watatu, mama alisimama uwanjani akatuita kwa sauti ya juu, na majirani wasikie, "Leo kuna samaki!" Tulikimbia. Siku nyengine zote, siku za pweza, hakuita. Aliweka sahani chini akasema, "Kuleni kitoweo." Pweza wa nazi na muhogo, pweza wa nazi na ndizi mbichi, pweza mkavu aliyeanikwa juu ya kamba ya nguo. Harufu yake sasa hivi naisikia, naapa, hapa hapa Jadida. Wakati ule tulikunja nyuso. Baba alikuwa akienda dago, yaani wavuvi wanahama wanakwenda kupiga kambi kisiwa chengine mwezi mzima au zaidi, na mwezi huo wote sisi watoto sita tulikula mkono wa mama peke yake. Ndugu yangu mdogo alikuwa akilia, "Lini tutakula samaki?" Mama akimfuta kamasi anamwambia, "Samaki yuaja, kula kwanza." Alishiba huku analia. Hatukupata kulala na njaa hata siku moja, na hatukupata kusema ahsante.

Sasa sikilizeni kilichonikera mimi. Siku nyengine baba alirudi na ngisi. Ngisi hana mwiba wala magamba, ana mikono kama pweza na wino kama pweza, ni ndugu yake kabisa ila huyu ni mwembamba na anapenda maji ya mbele. Na mama, wallahi, alisimama uwanjani akaita, "Leo kuna samaki!" Nilikuwa na miaka kama tisa hivi, nina mdomo. Nikauliza, "Mama, mbona huyu hana miba?" Akasema, "Kaja na baba yako." Nikasema, "Lakini pweza naye hana miba na hatumwiti samaki." Mama alinitazama kidogo, akanipa kisu. "Toa wino huo, usinichafulie uwanja." Basi hilo ndilo jibu nililopewa, na mimi kama mtoto nililichukua: alichovua baba ni samaki, alichotoa mama ni kitoweo tu.

Skuli kwetu alikuwepo Mwalimu Anjelina, kutoka bara, mumewe alikuwa mtumishi wa serikali. Walikuwa Wakristo, wapole, nyumba yao ina maua mlangoni. Bahari aliiona mara ya kwanza alipokuja Pemba na alikuwa akiiogopa, akienda ufukweni anasimama kwenye mchanga mkavu na viatu vyake vyeupe. Lakini sayansi alikuwa anaijua. Siku moja akachora ubaoni, akasema wanyama wako wenye uti wa mgongo na wasio na uti wa mgongo. Samaki anao. Pweza na ngisi hawana, wote wawili wako kwenye kundi moja linaloitwa moluska, pamoja na chaza, kombe, na konokono.

Konokono! Darasa zima liliguna. Mize, binti wa ami yangu, alikuwa kakaa dawati la mbele, alishika tumbo akasema, "Astaghfirullah, mwalimu, mie nimekula jana." Mchana ule chuoni, kabla hatujafungua juzuu, tulimvamia shehe tukamuuliza kama pweza ni ndugu wa konokono mbona tunamla, na kama si samaki mbona hachinjwi. Shehe akasema cha bahari ni halali, kaeni chini. Tulikaa, ila hatukutulia. Nilipofika nyumbani nikamweleza mama. Alikuwa anakuna nazi. Akasimamisha mkono. "Konokono wa migombani?" Nikasema ndiyo. "Nenda kamwambie mwalimu wako aje ale huyo konokono wake." Alikasirika mpaka akamaliza nazi haraka kuliko kawaida. Halafu akatulia, akauliza, "Na ngisi naye?" Nikamwambia na ngisi, kundi moja. Akacheka peke yake, sikujua kwa nini. "Kumbe," akasema.

Mwalimu alikuja kweli. Alikaa kwenye mkeka, akatazama bakuli, yale matundu ya mikono ya pweza yanamtazama, jasho linamtoka puani. Akaonja kwa ncha ya meno. Akaonja tena. Mwisho alipangusa bakuli kwa mkate wa kumimina, na tokea hapo yeye na mama wakawa mashoga. Kila bamvua mama alimwekea mmoja, wa kiasi, tena aliyekwisha kupondwa maana mwenyewe asingeweza.

Sasa nafika pale ambapo ningependa nipite mbio, lakini nikipita mbio tena haya yote sina haja ya kuyaandika.

Ilikuwa siku ya pili ya bamvua, mwalimu anajaza daftari kubwa la darasa. Anaita jina, unasimama, unasema umri wako, jina la baba, kazi yake, jina la mama, kazi yake. Wengi walisema baba mkulima, mama mkulima. Ikafika zamu yangu. "Baba yako kazi gani?" Nikasema kwa majivuno, mvuvi. "Na mama?" Nikasema, "Mama hana kazi." Mwalimu Anjelina aliinua kalamu, akaniangalia kwa mshangao kidogo, akasema, "Bi Saada?" Nikasema, "Ndiyo mwalimu. Hana kazi, anakwenda pwani tu." Akaandika. Nikakaa, na nilipogeuza shingo nikamuona mama mlangoni. Kanga imerowa mpaka magotini, miguu ina mchanga, mkononi kashika pweza wa mwalimu kwenye jani la mgomba. Sijui alisimama pale tokea lini. Alimkabidhi mwalimu, akasema, "Mwalimu, kipande chako hiki," akageuka akaenda zake.

Nyumbani hakunambia neno. Alipakua kama kila siku. Nilimsubiri agombe, jioni nzima nikawa nazunguka zunguka uwanjani, nakwenda jikoni nakunywa maji nisiyoyataka. Laiti angenipiga. Hakunipiga, wala hakusema, na siku zikapita, na mimi nikakua, na lile jambo nikalifungia kama mtu anavyofungia chumba kibovu.

Nikaja nikawa mwalimu mimi mwenyewe. Miaka thelathini na ushei nimejaza madaftari yale yale. "Mama yako kazi gani?" "Hana kazi, mwalimu." Nikaandika, hana. Watoto wenye mikono inayonuka pweza, nikaandika, hana. Nilijua. Na bado nikaandika.

Baba alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Mama yuko sabini na ushei, yuko Kengeja, na tokea mwaka juzi namsihi aje akae kwangu Jadida. Macho yake yamepungua, anatembea kwa kuvuta mguu mmoja. Alikuwa akikataa kwa visingizio vya kuku na muhogo. Mwaka huu akakubali, kwa sharti. Mwamba wao ulikuwa umefungwa. Siku hizi kijiji kinakubaliana kuufunga miezi mitatu ili pweza wakue, hakuna mtu kuingia, halafu unafunguliwa siku ya bamvua. Mama aliniambia, "Naingia mwamba siku ya kufunguliwa. Mara moja tu, niuage. Nikitoka huko, njoo unichukue." Nikampa ahadi. Mchokoo wake ulikuwa umetundikwa ukutani miezi mitatu, akiupaka mafuta ya nazi kila Ijumaa.

Siku tatu kabla ya kufunguliwa, asubuhi, Mize akanipigia simu. Yeye bado yuko Kengeja, nyumba ya pili kutoka kwa mama. "Biubwa," akasema, "mama yako hayumo." Nikadhani amepotea. Kumbe hayumo kwenye orodha. Kamati imesema siku mbili za mwanzo wataingia wavuvi waliojiandikisha tu, wengine baadaye, na baadaye ni mabaki. Katibu, Bwana Faki, alipita nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa mama akamuuliza kazi yake, mama akasema, "Sina kazi mie." Faki akaandika, akaenda. Asubuhi hii wamewabandikia watu majina ukutani, la mama halipo, na orodha inafungwa leo alasiri. Wamemwendea tena wamemuuliza, Bi Saada, wewe si mvuvi? Akasema, "Samaki nimevua lini? Nina umri huu ndio nianze uongo?"

Sikumbuki nilivyovaa. Najua nilitoka na kandambili za Raya. Raya akanifuata mbio na mkoba wangu, akapanda gari na mimi, kwa mara ya kwanza simu kaitia mfukoni. Tulipopita Gombani, penye uwanja wa mpira, vijana wamesimama kwenye meza ya supu ya pweza, wanakunywa kwenye vikombe, wanapigana mabega, wanasema hii inatia nguvu za uwanjani. Nikataka kuwatolea kichwa dirishani niwaulize, mnajua nani kamtoa huyo mnayemnywa? Kutoka Chake tukapata gari ya bodi la mbao inayokwenda Kengeja, na dereva akasimama kila mgomba kupakia ndizi. Nilishuka mara mbili nikamsaidia kupakia ili twende.

Tulifika adhana ya alasiri haijaadhiniwa. Banda la kamati liko karibu na pwani, watu wamejaa. Mama yuko kwenye benchi, kanga yake nzuri, mikono juu ya mapaja, na Mize kasimama nyuma yake kama askari. Nikaamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umekuja na ndala za nani?" Nikamwendea Faki, mtu wa makamo, mstaarabu, fundi cherehani siku nyengine. Nikasema, "Bwana Faki, mtu gani hapa hamjui mama yangu? Mtoto gani hakula pweza wake?" Akasema, "Mwalimu Biubwa, hata mimi nimekula. Lakini utaratibu tuliokubaliana mtu ajitaje mwenyewe, au atajwe na mtu wa nyumbani kwake. Nimemuuliza mara mbili mbele ya watu anasema hana kazi. Nitayafutaje maneno ya mtu mzima?"

Nikamgeukia mama. "Mama, sema basi. Sema neno moja tu." Akatikisa kichwa. "Mie sijui kuvua, mwanangu. Mvuvi alikuwa baba yako." Nikasema, "Mama, pweza ni nini?" Akasema, "Pweza ni pweza." Watu wakacheka. Hakucheka yeye. Halafu akainua mkono akaninyooshea, akamwambia Faki, "Muulize huyu. Huyu ndiye aliyesoma. Aliulizwa zamani darasani, akajibu, na mie nilisikia."

Miaka hamsini! Alikuwa nalo miaka hamsini na mimi nikadhani limekwisha. Nikashika meza ya Faki. Wale watu wote walikuwa wananitazama, hawajui kitu, Mize peke yake ndiye aliyejua, maana alikuwa dawati la mbele siku ile. Aliinamisha kichwa. Faki naye, maskini, bila kujua anachokifanya, akatia kalamu kwenye karatasi akauliza kwa sauti ya kiofisi, "Basi mwalimu. Mama yako kazi gani?"

"Mvuvi," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. Nikasema tena. "Mama yangu ni mvuvi. Alikuwa mvuvi na siku ile pia, na mimi nilisema uongo mbele ya darasa." Na hapo nikalia, mtu mzima na ndala za mjukuu, nikalia mbele ya kamati.

Mama akasema, "Hukusema uongo. Ulisema nilivyokufunza." Akainuka pole pole, akasogea mezani, akaweka kidole kwenye karatasi ya Faki ingawa macho yake hayaoni maandishi. "Haya, andika alivyosema mwalimu."

Siku ya kufunguliwa sikukaa. Goti langu haliwezi tena mwamba, kwa hivyo nilibaki ufukweni na Raya, nikawa natembea kutoka mnazi huu mpaka ule, narudi. Mama alikwenda na Mize, wameshikana mikono, mpaka wakawa vitone viwili. Nilimhesabia kila hatua. Nikitazama mwamba wenyewe nilihuzunika. Zamani hakuna mtu aliyeufunga, wala haukuhitaji kufungwa, ukienda tu pweza yupo mlangoni kwake na taka zake. Leo wanaungojea miezi mitatu kwa orodha na filimbi, na pweza wanaotoka nao wengi ni wadogo kama kiganja. Zamani tulikula pweza tukakunja uso, leo anakwenda hotelini anapambwa majani na wanaomla hawajapata kumuona akiwa hai. Na zamani, nisijisahau nikasifu kila kitu, zamani wanawake wale wote walilisha nyumba zao na hakuna daftari lililowajua. Hilo la leo lina afadhali. Wasichana walioingia mwambani siku ile walikuwa wameandikwa wavuvi kama kaka zao, na wanatembea kwa madaha kama vile imekuwa hivi siku zote. Nikawaonea gere, wallahi.

Maji yalipoanza kujaa nikaingia mpaka magotini kumpokea. Alikuwa na pweza watatu, wa kiasi. Alikuwa anahema, lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Sikumuuliza habari ya kuhama. Mkoba wake nilikuwa nimeshaufunga, uko chumbani, na nikaomba Mungu mama asiutaje siku ile.

Nilitangulia nyumbani kutayarisha. Watoto wa kina Mize walikuwa wamejazana ndani wanangoja. Mama alifika uwanjani na Mize, kwa mguu wake ule wa kuvuta, akaweka pakacha chini, akanyoosha mgongo, akajaza kifua pumzi. Sauti ilikuwa imechakaa lakini ni ile ile.

"Enyi! Njooni! Leo kuna samaki!"

Raya alitoka mbio, akachungulia ndani ya pakacha, akainua uso. "Bibi, lakini hawa si pweza?"

Mize alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nimeshaivuta mbuzi, nimekaa, nakuna nazi.